Noti Kwenye Paji la Feisal

Nianze kwa kukubali mapema: kwenye hadithi hii mjinga ni mimi. Nasema mapema ili usifike katikati ukajiona umegundua kitu. Na ujinga wenyewe niliufanya nikiwa nimepakwa rangi ya njano mwili mzima, nimevaa kaptura ya milia, tumboni nimechorwa uso wa chui mwenye meno. Ukishaipata picha hiyo, aibu nyingine zote utaziona ndogo.

Ilinirudia majuzi tu nikiwa kwenye lindo. Mimi sasa ni sekyuriti hapa hapa Doha nilikolelewa, na wiki hizi baridi inapoaga wanatupanga kwenye mageti ya matamasha. Kila Ijumaa kuna jambo. Leo watu wanarusha tiara, wiki ijayo vyakula, inayofuata ngoma za mataifa. Watu wa mji huu wanajua kwamba joto likiingia hakuna tena wa kukaa nje, kwa hiyo starehe zote wanazibana kwenye hizi wiki chache, kama mtu anayekula daku huku adhana inakaribia. Basi nimesimama getini na redio yangu begani, kikapita kikundi cha Wahindi wa Kerala wamebeba ndoo za rangi, na harufu ikanipiga usoni. Rangi iliyochanganywa na vanishi, juu yake mafuta ya nazi. Mwenzangu wa zamu alisema inamkumbusha nyumba mpya. Mimi nilisaga meno. Kuna watu hasira zao zinachacha na kuisha. Yangu niliihifadhi vizuri, haijaingia hata kutu.

Tulikuwa tunakaa Al Mansoura, ghorofa ya tatu, nyumba iliyogawanywa kwa mbao hata majirani zetu Wafilipino wakipiga chafya upande wa pili sisi tunawaombea afya. Mama alikuwa akipika vitumbua vya kuagizwa. Baba alikuwa dereva wa hoteli kule West Bay, suti nyeusi, tai, anapeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Alikuwa akirudi nimelala, na nikiamka amelala yeye. Nilimjua zaidi kwa viatu vyake pale mlangoni. Vikiwa vimepangwa sawa, siku ilikuwa nzuri. Kimoja kikiwa kimelala ubavu, usipige kelele.

Chini ya nyumba, kwenye uwanja wa mchanga ambao watu waliegesha magari, kila Ijumaa jioni Waswahili wa mtaa walifanya mazoezi ya ngoma. Wengi walikuwa wa kwetu Tanga na Unguja, pamoja na Wakenya kadhaa, na Mganda mmoja aliyekuwa akitikisa kiuno mpaka watoto wa Kiarabu wakashuka baiskeli kuangalia. Kiongozi alikuwa Anko Rama, msimamizi wa walinzi, mtu wa Pangani, mrefu, anatembea kama anakagua gwaride hata akienda dukani kununua mkate. Mimi nilikuwa nikipiga chapuo, ile ngoma ndogo inayochombeza kubwa. Sijisifu, lakini ilikuwa ikisikia mikono yangu. Hesabu zilinikataa, Kiingereza kilinikataa, chapuo ilinikubali.

Mwaka ule tulialikwa kwenye siku ya mataifa, bustanini karibu na bahari. Kila taifa litapita na ngoma yake kwenye njia kubwa ya katikati, moja nyuma ya jingine, watu wamejipanga pembeni. Nilipomwambia baba, aliweka kikombe chake chini. Akasema ataomba ruhusa kazini. Baba kuomba ruhusa! Mtu ambaye hata homa alikuwa akienda nayo kazini. Halafu akasema kitu kilichonikosesha usingizi.

"Nitakuja kutuza," alisema. "Mbele ya Waarabu wote na Wahindi wote. Wewe piga tu."

Kwa asiyejua: kwetu ngoma ikikolea, mtu anaingia uwanjani huku anacheza, anatoa noti, anambandika mpigaji kwenye paji la uso, na akinamama wanapiga vigelegele. Nilikuwa nimeshaona hayo Tanga, kwenye harusi ya shangazi yangu. Baba alimbandika noti mpigaji mmoja nisiyemjua kabisa, mzee mwenye jicho moja, na nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba yule ni ndugu yetu ambaye sijatambulishwa. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: unayembandika noti ndiye wako. Sasa zamu ilikuwa yangu.

Ikabaki wiki moja. Siku hiyo Anko Rama alichelewa kidogo, na mimi mdomo wangu haukuwahi kujua kukaa. Nikachukua chupa ya maji nikaifanya redio, nikatoa kifua, nikaanza kukagua wachezaji kwa ile sauti yake ya puani. Nikamwambia yule Mganda kiuno chake hakina kibali. Watu wakaanguka kwa kicheko. Dada mmoja wa Kisumu, Anti Akinyi, aliyekuwa akifanya kazi ya kupanga vyumba hotelini, alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Halafu akanyamaza ghafla, na mimi nikajua kabla sijageuka.

Anko Rama hakunipiga. Angenipiga ningemsamehe. Aliichukua chapuo mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo, akampa mwanawe Feisal. Feisal tulikuwa rika moja, mpole, mwenye masikio makubwa, alikuwa akipiga chapuo kama anayegonga mlango wa watu asiowadai.

"Ngoma ina adabu zake," Anko Rama akaniambia mbele ya wote. "Wewe nenda kawachekeshe watu."

Nikaondoka bila kulia. Machozi niliyahifadhi, nikafika ngazini nikayatumia yote. Na pale pale ngazini nikaapa. Nilikuwa mdogo lakini kiapo changu kilikuwa cha mtu mzima: Anko Rama nitamfedhehesha, na Feisal nitamfedhehesha, siku hiyo hiyo, mbele ya watu hao hao. Baba sikumwambia nimetolewa. Ningemwambiaje? Suti yake ya pili alikuwa ameshaipeleka dobi.

Sasa, chini ya nyumba yetu kulikuwa na saluni ya Mhindi wa Kerala tuliyemwita Cheta, jina ambalo kwao ni kama kumwita mtu kaka. Kila mwaka Cheta na wenzake vinyozi na wapishi walikuwa wakicheza ngoma ya kwao ya chui. Siyo chui wetu wa madoa, ni yule wa milia. Wanajipaka rangi mwili mzima, wanavaa kinyago cha chui kichwani, na uso wa chui mwingine unachorwa kwenye tumbo, kwa hiyo mwenye kitambi ndiye mwenye hadhi. Mwenye kitambi akicheka, chui naye anacheka. Pia kuna mwindaji mwenye bunduki ya mbao, anawawinda chui kwa mbwembwe mpaka anawaua, wanaanguka, watu wanapiga makofi. Nikaenda saluni nikamwambia Cheta nataka kuwa chui. Aliniangalia tumbo langu, akasikitika. Akanipa ndizi. Nikala, akaangalia tena, akasikitika tena. Lakini akasema sawa, chui naye huwa na mtoto.

Na uzuri wa kisasi changu ulikuwa hapa: Wakerala walipangwa kupita mara tu baada ya Waswahili. Mpango wangu ulikuwa hivi. Nitacheza chini ya kinyago mpaka baba afike. Nitatoka kwenye mstari, nitamrukia Feisal atupe ngoma akimbie. Nitamngurumia Anko Rama usoni aanguke na lile gwaride lake. Halafu, kila mtu akishangaa huyu ni nani, nitavua kinyago. Baba atatoka kwenye watu, atanibandika noti kwenye paji la uso, Anko Rama akiwa bado chini. Niliurudia huo mpango kila nikifumba macho. Kasoro yake moja tu: kinyago kingefungwa na kinyozi, na kinyozi hafungi kamba ovyo.

Siku ikafika. Tangu asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha saluni nimenyoosha mikono kama msalaba, nikipakwa. Rangi ilikuwa ya baridi, ikinivuta ngozi ikikauka. Cheta alinichorea chui tumboni, lakini kwa vile tumbo lilikuwa dogo chui wangu alitoka mwenye mshangao, kama ameulizwa swali gumu. Mara moja kwenye kioo nilimuona Feisal amesimama nje dirishani na kofia yake ya ngoma, ananitazama. Nikamwonyesha meno. Akaenda zake. Halafu kinyago kikaja, kimetengenezwa kwa makaratasi na gundi, kizito, na Cheta akakifunga kwa nyuma kwa kamba, fundo juu ya fundo.

Bustani ilikuwa imejaa. Upepo wa baharini ulikuwa na ubaridi wa mwisho mwisho, na majengo ya West Bay yamesimama ng'ambo ya maji kama yamekuja kuangalia. Moshi wa nyama, chai ya karaki, ubani kutoka hema la wenyeji, mtoto wa Kiarabu amebeba mwewe mkononi mkubwa kuliko kichwa chake. Mimi dunia yote niliiona kupitia mdomo wa chui, tundu moja tu, na mbele yangu ilikuwa migongo ya Waswahili wakisubiri zamu yao.

Wakaanza. Ngoma kubwa ikaunguruma, na chapuo ya Feisal ikaingia imechelewa, tuk, tuk, kama mtu anayeomba radhi. Nikafurahi mpaka nikatokwa na jasho. Anko Rama akawa anamkata jicho mwanawe. Nikasema moyoni, bado, chui hajafika.

Na hapo nikamuona baba. Suti nyeusi, tai imelegea, amekimbia kutoka kwenye gari, anapenya kwenye watu huku akiomba samahani kwa lugha tatu. Alifika mbele, akaangalia chapuo. Akaangalia tena. Uso wake ulibadilika. Nilisubiri amuulize Anko Rama mwanangu yuko wapi. Nilisubiri hata wapigane, ingekuwa burudani.

Baba akaingia njiani akicheza. Akamwinamia Feisal, akamwambia kitu sikioni. Feisal akainua kidevu juu kwa maringo, masikio yale yakasimama. Baba akatia mkono mfukoni, akatoa noti mpya kabisa isiyo na mkunjo, akambandika kwenye paji la uso.

Vigelegele. Anti Akinyi ndiye aliyeanza.

Sijui niseme vipi. Ilikuwa noti yangu. Niliijua kabla sijaiona. Na Feisal, baada ya kubandikwa, akaanza kupiga kama kapagawa. Chapuo ikawa chapuo kweli. Nikasema, kumbe alichokuwa anakosa ni baba wa mtu.

Wakati huo ngoma za Cheta nazo zimelipuka nyuma yangu, zile ndefu wanazozivaa mabegani, na chui wote wakaanza kwenda. Mimi nilikwenda mbele zaidi. Cheta alinifokea kwa Kiarabu chake cha saluni kwamba nafuata mdundo wa watu wengine, sikanyagi mdundo wao. Sikumjali. Nilikuwa nimewaka. Nikatoka kwenye mstari, nikakimbia kwa mikono na miguu, nikamrukia Feisal nikanguruma kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

Feisal hakukimbia. Hakuacha hata kupiga. Aliniangalia tu, noti imenata usoni kwa jasho, mikono inakwenda, chapuo inalia. Nikanguruma tena. Akanipigia tena. Nikamgeukia Anko Rama, nikamngurumia mpaka koo likakwaruza, naye, nikifa nitakumbuka hili, akacheka. Anko Rama akacheka, akapiga makofi, akamwambia mtu wa pembeni kwamba Wahindi mwaka huu wana chui mdogo anayejua kazi.

Basi nikasema, vua kinyago. Nikashika kamba. Fundo. Nikavuta. Fundo jingine. Nikang'ang'ania kinyago kwa makucha yote mawili, nazunguka, natupa miguu, napiga kelele humo ndani kwamba ni mimi, ni mimi jamani, na kwa nje ilisikika kama chui ana jipu. Watu wakajaa. Simu zikainuliwa juu. Kadiri nilivyohangaika ndivyo walivyoshangilia, wakadhani ndiyo kilele cha mchezo. Mwindaji akaja mbio kuninusuru, akanipiga risasi. Nikakataa kufa. Akanipiga nyingine. Nikamkimbilia yeye. Jamaa alikuwa mpishi wa watu, hajawahi kuona chui mbishi, akawa ananipiga risasi huku anarudi nyuma akiniomba kwa Kiarabu nife tafadhali. Mwisho Cheta alikuja akanibeba kiunoni kama gunia, miguu ikipiga hewa. Nikipitishwa hivyo, kwenye lile tundu nikamuona baba. Alikuwa amejishika mbavu. Machozi ya kicheko yanamtoka. Sikuwahi kumuona baba amecheka hivyo, si kabla wala baada, na alikuwa amesimama bega kwa bega na Feisal.

Nyuma ya hema Cheta alikata kamba kwa mkasi wa saluni. Baba alitufikia wakati huo huo, bado anafuta macho. Alisema, "Umecheza, mwanangu." Halafu akauliza kwa nini sikumwambia wamenitoa kwenye chapuo. Nikamgeuzia mgongo. Aliniita twende tukale, sikuenda. Alidhani nimechoka.

Rangi ilikataa kutoka. Mama alinisugua kwa mafuta ya taa, kwa mafuta ya nazi, kwa maneno, na bado nilikwenda shule nikiwa na rangi ya embe bivu nyuma ya masikio. Watoto waliniita chui mpaka tuliporudi Tanga, na huko nilimaliza darasa la saba, na shule nayo ikanimaliza. Lakini si wao niliowalipizia kisasi. Nilimlipizia baba. Viatu vyake mlangoni nilikuwa nikilaza kimoja ubavu ili mama afikiri siku imekuwa mbaya. Shikamoo nilimpa bila kumtazama. Alipotaka kunifundisha kuendesha gari nikajifunza kwa mtu mwingine. Na mpaka leo nikipiga simu nyumbani naongea na mama, akisema baba yako huyu hapa, mtandao unakatika. Unakatika kila mara, na anayeukata ni mimi. Hajawahi kuuliza, na mimi sijawahi kusema. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, niulize nini?

Sasa turudi getini. Wale wa Kerala walipopita na ndoo zao, nyuma yao wakaja Waswahili. Na aliyetangulia, amebeba chapuo begani, masikio yale yale, alikuwa Feisal. Mtu mzima, ana ndevu, dereva wa mabasi ya shule. Mungu akitaka kukupa anakuletea mpaka kazini, ukiwa na sare.

Nikanyoosha mkono, nikamsimamisha. Nikawapitisha Wanepali. Nikawapitisha Wamisri. Nikamwambia ngoma ni lazima ikaguliwe.

"Ukague nini?" akaniuliza. "Haina zipu."

Nikaigeuza, nikaigonga, nikaitikisa, nikaiweka sikioni kama daktari. Nikamwambia asubiri pembeni, kuna utaratibu. Anti Akinyi alikuwa nyuma yake, sasa mama mzima mwenye miwani, akaniambia, "Wewe soja, acha madharau bana, sisi tunaingia next." Nilikuwa nazifaidi zile dakika, moja moja, kama njugu.

Feisal akanitazama usoni. Halafu akaanza kutabasamu, kidogo kidogo.

"Chui," akasema. "Usiniambie bado una kinyongo na ile noti."

Nikamwambia noti gani.

"Kwani hukuwahi kumuuliza mzee?"

Nikamwambia mzee hana la kuulizwa. Alikuja kunituza mimi, akakutuza wewe. Hapo sauti yangu ikafanya kitu ambacho sare haipendi, nikajifanya naongea na redio.

Feisal akateremsha chapuo chini, akaifuta vumbi la mikono yangu.

"Hakunituza mimi, bwana wewe. Alinituza nikupigie. Aliniuliza mwanawe yuko wapi, nami nilikuwa nimekuona saluni ukipakwa, nikamwonyesha yule chui mdogo kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kazini. Akanibandika ile noti, akaniambia, 'Mpigie yule mdogo mpaka achoke. Na akija kukurukia usiache ngoma. Mwanangu yule hajui kuuma.'"